Mchuuzi wa Alfajiri na Sheria ya Wazururaji

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji. Utawala wa kikoloni uliichukua sheria hiyo ukaieneza katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, nayo ikabaki vitabuni hata baada ya bendera kubadilishwa.

Nguvu yake yaonekana wazi katika mambo yaliyotokea Malawi. Mwezi wa Machi 2015, yapata saa kumi alfajiri, mchuuzi mmoja alikuwa njiani kwenda kuuza mifuko ya plastiki huko Limbe, mjini Blantyre. Askari polisi walimkamata, akashtakiwa kuwa mhuni na mzururaji. Hakushtakiwa kwa wizi wala kwa kumdhuru mtu. Yatosha kwamba alikutwa barabarani katika saa ya kutiliwa shaka. Na ni nani awezaye kuonyesha nia yake njema gizani?

Hakuna asemaye wezi wa usiku waachwe. Lakini mama auzaye mboga, ikiwa humkimbia askari kila alfajiri, hatamwendea siku atakapomwona mwizi.

Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilikitangua kifungu hicho kwa kuwa kilipingana na Katiba. Kisha, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba ni juu ya kila nchi iliyo nazo kuzifuta au kuzirekebisha.