Hati ya Shehena na Njia Panda ya Benaco

Msomaji wetu wa visiwani ana haki ya kutuuliza Benaco yamhusu nini. Ni njia panda wilayani Ngara, mkoani Kagera, mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Dunia iliisikia mwaka 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa muda mfupi na kupiga kambi hapo. Kambi hiyo haipo tena. Yaliyopo ni malori: haya yashika njia ya Rusumo kwenda Kigali na Goma, yale yashika njia ya Ngara na Kabanga kuingia Burundi.

Tunaitaja kwa kuwa mzigo uliotoka ng'ambo kwa meli, ufikapo Benaco, umekwisha kuachana na karatasi iliyokuwa ikiulinda.

Hati ya shehena ya baharini si stakabadhi ya kawaida. Ni ushahidi kwamba mwenye meli amepokea mali, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi, na zaidi ya yote ni ufunguo wa mali yenyewe. Muuzaji huipeleka benki. Mnunuzi hulipa, au benki yake hulipa kwa dhamana iliyoitoa, ndipo apewe hati akachukue mzigo bandarini. Ikipotea, mali yaweza kukaa bandarini huku gharama zikipanda kila siku, na mwenye meli hakubali kuitoa mpaka apewe barua ya kinga yenye dhamana ya benki. Na akiitoa bila hati, ajue analofanya. Mwaka 1959 Baraza la Rufaa la Malkia, London, lilimtia hatiani mchukuzi aliyetoa vipuri vya baiskeli huko Singapore bila hati, kwa kuitegemea barua kama hiyo, na muuzaji hakuwa amelipwa.

Kwa desturi hutolewa hati asili tatu ili moja ikipotea nyingine ifike. Lakini dawa hiyo nayo ina sumu yake. Sukari kutoka Jamaica ilifika London. Wanunuzi wakaweka hati ya kwanza rehani benki, kisha wakachukua mali kwa hati ya pili. Mwaka 1882 Mahakama ya Malodi iliamua kwamba wenye gati hawana kosa, maana walitoa mali kwa nia njema. Benki ikabaki na karatasi.

Kanuni za kimataifa za dhamana za benki, zinazotumika tangu tarehe 1 Julai 2007, zasema kwamba hati zikipotea njiani baada ya benki iliyoteuliwa kuzikagua na kuzikuta sahihi, benki iliyotoa dhamana haina budi kulipa. Zikipotea kabla ya kufika kwa benki hiyo, hasara ni ya muuzaji. Kwa hiyo anayempa mtu baki bahasha aipeleke mjini anacheza na mali yake.

Hayo yote ni ya bahari. Stakabadhi ya lori haina nguvu hiyo. Aliyeandikwa kuwa mpokeaji huonyesha kwamba ndiye, akapakua. Dagaa wa Unguja hutafutwa sana na wanunuzi wa Kongo, na anayewapeleka Goma au Bukavu yumkini lori lake litapita Benaco. Akidhani kwamba stakabadhi iliyo mfukoni mwake itamzuia mnunuzi asiyelipa, amekosea kabisa. Alipwe kabla lori halijaondoka, au awe na dhamana ya benki, au mzigo uandikwe kwa jina la wakala aliyekubali kwa maandishi kutoutoa bila malipo.

Sisi tuliopita chuoni tunaikumbuka aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote, iamrishayo deni la muda liandikwe. Aya hiyo yasamehe biashara ya mkono kwa mkono. Wapo wenzetu wanaouza mali ya kwenda nchi ya tatu kana kwamba imo katika msamaha huo!

Miaka mingi mkulima wa karafuu hakuhitaji kuyajua haya, kwani Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar ndilo linunualo na kuuza nje. Ujuzi umo humo, katika meza za maofisa. Tunaitaka Serikali iutoe nje, uwafikie wauza dagaa na wakulima wa mwani kwa Kiswahili chepesi, madikoni na vijijini. Na wanasheria wetu waisome Sheria ya Uingereza iliyoanza tarehe 20 Septemba 2023, iliyoipa hati ya kielektroniki nguvu sawa na ya karatasi. Hati nyingi za meli hufuata sheria ya nchi hiyo, na mabadiliko yake yatafika katika bandari zetu tukiwa tayari au la.