Nguo ya Mbegu ya Karanga

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, mwangalie mche huu kabla jua halijaukausha kabisa. Nimeung'oa asubuhi kwenye mstari wa tatu, ule unaopakana na mbaazi. Jana majani yake yalikuwa yamelegea kama yamekosa maji, na mvua imenyesha juzi tu. Tazameni shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Mnauona huu unga mweusi kama masizi ya sufuria? Ukiugusa unabaki kidoleni. Na shina lenyewe limebaki nyuzinyuzi, kama kamba iliyotafunwa na panya.

Mche huu haukurogwa. Hiyo ni kuvu, na wataalamu huiita Aspergillus niger; hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake nyeusi. Inaishi kwenye udongo wetu mwaka mzima, juu ya mabua na majani yanayooza, na mara nyingine huingia shambani ikiwa imejibanza kwenye mbegu yenyewe. Ina dada yake wa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, yule anayeleta sumukuvu kwenye karanga na mahindi. Wote wawili wanapenda karanga changa.

Sasa fikirini mbegu inavyoishi siku zake za mwanzo. Ikiingia ardhini inakunywa maji hadi inavimba. Ngozi yake ile nyembamba inapasuka, mzizi unachungulia na kushika njia ya chini. Muda huo wote haina jani, haiwezi kujipikia chochote. Inakula akiba iliyomo kwenye vipande vyake viwili, vile mnavyovitenganisha kwa meno mkila karanga za kukaanga. Akiba hiyo ni mafuta na protini, na wanaoitamani ni wengi: mchwa, jongoo, sisimizi, na huku juu kwale na kuchakulo wanaoweza kufukua mstari mzima kabla hamjaamka. Tena mbegu inapovimba huvuja sukari kidogo. Kuvu iliyolala jirani inaonja, inaamka, inakuja.

Udongo ukiwa na unyevu mzuri, karanga huchomoza baada ya wiki moja au siku kumi hivi. Lakini mnaijua mvua ya huku Ruangwa na Nachingwea. Inaanza Novemba au Desemba, tunapanda tukicheka, kisha Januari au Februari inakatika na ardhi inakuwa ya moto. Mbegu inakwama chini, haijaota wala haijafa, na kuvu hii nyeusi hupenda joto kweli. Ndiyo maana nawagombeza mkichimba mashimo marefu. Sentimita 5 zinatosha. Mbegu iliyofukiwa mbali ina safari ndefu gizani.

Marehemu mama yangu hakuwa na duka la pembejeo. Mahindi ya mbegu aliyafunga mafungu na maganda yake akayatundika juu ya mafiga, moshi uyapitie kila jioni, na dumuzi hawakuyataka. Kunde alizichanganya na majivu. Karanga za mbegu hakuzimenya mpaka mawingu yatande, na alizimenya kwa vidole, moja moja, hata sisi watoto tukisinzia. Ukizipiga ndani ya gunia unamaliza upesi, ila ngozi zinachubuka, na penye mchubuko ndipo kuvu inapopitia. Nimemaliza umri wote huu na bado sijaona njia nzuri kuliko vidole vya mama.

Dawa ya mbegu nayo ina hadithi yake, na imetoka mbali, kwenye bahari ya Uingereza. Katika karne ya 17 meli iliyobeba ngano ilizama karibu na Bristol. Watu wakaiopoa ile ngano, lakini kwa chumvi iliyoinywa haikufaa mkate, basi wakulima wa jirani wakaipanda. Msimu ule ngano ya Uingereza ilishikwa na ugonjwa unaojaza punje unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza, ndugu wa fugwe mnaoiona kwenye mtama. Ngano iliyozama baharini ikatoka safi. Mkulima mmoja, Jethro Tull, aliisimulia habari hiyo kitabuni mwake mwaka 1733, na watu walikuwa wameshaanza kuloweka mbegu kwenye maji ya chumvi bila kujua kwa nini inasaidia. Mwaka 1755 Mfaransa Mathieu Tillet alionyesha kwamba ule unga mweusi ndio unaoambukiza. Mwaka 1807 mtafiti mwingine, Bénédict Prévost, akaona kwamba unga huo una uhai, na kwamba mrututu unauzuia usiote. Meli moja imezama, na wakulima wamepata akili ya miaka mia na zaidi!

Msikimbilie kuloweka karanga kwenye chumvi, lakini. Karanga si ngano. Ukiiloweka sana ngozi inavuka na mbegu inagawanyika. Korosho ndiyo tunayoitosa majini, tukachagua iliyozama na kuiacha inayoelea. Karanga tunaivika dawa ya unga, kama thiramu, na kazi yake inafanana na ile salfa tunayopulizia mikorosho: inakaa juu ya ngozi, kuvu ikifika inakutana nayo kwanza. Jana usiku, nyinyi mmelala, nilivaa glovu na barakoa, nikajaza karanga nusu kopo lenye mfuniko ili zipate nafasi ya kugeuka. Nikapima dawa kama lebo ilivyosema, gramu chache tu kwa kilo. Nikalilaza kopo chini nikalibingirisha taratibu, mbele nyuma, mpaka kila punje ikashika rangi. Sikulitikisa kwa nguvu, ningezichubua. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, na mwenye jezi ya Namungo aliyenyoosha mkono, jibu ni hapana, hata ukikua kidogo mwakani.

Mmeniuliza kwa nini karanga hizi ni za waridi kama pipi. Rangi imewekwa makusudi, ili mtu akiiona ajue hiki si chakula. Mwaka 1971 nchi ya Iraki iliagiza ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki. Maandishi ya tahadhari kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza, na wanakijiji walisoma Kiarabu au hawakusoma kabisa. Sehemu nyingi mzigo ulifika wakati wa kupanda umepita, na nyumbani kulikuwa na njaa. Wengine waliiosha ngano mpaka rangi ikatoka, wakaamini sumu nayo imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza, wakaona kuku wazima. Sumu ile hukaa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitali, na 459 kati yao wakafia humo. Walikuwemo watoto wa rika lenu, wamekula mkate wa mama zao. Dawa za zebaki zilikuja kupigwa marufuku, na thiramu si zebaki, ila nayo ni sumu. Kila nikiona punje ya waridi imedondoka njiani, moyo unanienda mbio hadi niiokote.

Na dawa haifufui. Mbegu iliyozeeka ghalani au iliyovunwa ikiwa na ukungu, hata uipake vipi, haitaota. Kwa hiyo nilianza na mbegu yenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, walitoa aina kadhaa za karanga, na mojawapo waliipa jina la Nachingwea. Waingereza walipoleta matrekta yao Nachingwea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa ule mradi wa karanga wa mwaka 1947, walitumia pauni milioni 36 na kufikia 1951 wameuacha. Jina la mji likabaki na sifa ya hasara. Mimi hufurahi sana kwamba leo limebandikwa kwenye mbegu.

Haya, simameni. Ule mstari wenye kijiti cha mwanzi una mbegu 50 zilizovikwa dawa. Wenye kijiti cha mkorosho una 50 zisizo na kitu, za gunia lile lile. Tuliopanda ni mimi na baba yenu, kwa glovu. Nyinyi mtahesabu miche iliyochomoza: siku ya kumi, kisha kila Jumamosi kwa wiki nne, na penye mche uliolegea mtaniita tuutazame shingo. Andikeni kwenye daftari, msiniambie kwa kichwa. Kopo la dawa msilitafute kwa ajili ya maji ya kuku. Nimelitoboa matundu matatu kwa msumari, nikalifukia kule mbali na kisima.