Uzamili kwa Kijana wa Namanyere: Tusianze na Jina la Nchi

Kijana wa Namanyere, mkoani Rukwa, akimaliza shahada ya sayansi au uhandisi, ujumbe wake kwa ndugu aliye ughaibuni huwa huu: "Shikamoo mjomba, naomba unitafutie chuo huko." Nasi tunamjibu kwa kumtajia nchi. Kabla ya nchi kuna maswali mawili: anataka kuchunguza nini, na nani atalipa?

Kwa mhandisi kuna hatua tunayoiruka. Shahada peke yake haimfanyi mhandisi mtaalamu nchini Tanzania. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufuata walau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi. Tangu 2003 Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, kwa ajili hiyo hiyo. Anayetaka kujenga barabara na madaraja namshauri aanzie huko, kwani uzamili humfaa zaidi mtu aliyekwisha kukutana na tatizo kazini. Isitoshe, uzoefu hufungua milango: ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai walau miaka 2 ya kazi, na humtaka mnufaika arejee kwao kwa miaka 2 baada ya masomo.

Anayeelekea maabara hana sababu ya kungoja sana. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, imepokea wanafunzi tangu 2011, wa uzamili na uzamivu tu. Zanzibar, chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, kilifungua kampasi mwaka 2023, na sayansi ya data imo katika masomo ya uzamili. Vyuo vingi vya Marekani humchukua mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, vikamsamehe ada na kumpa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila ubalozi hutaka uthibitisho wa fedha za kujikimu. Uingereza uzamili kwa kawaida ni mwaka 1, lakini ada yake ni nzito. Bila mfadhili, nasema wazi: shamba la ukoo lisiuzwe kwa ajili hiyo.

Mada nzuri nazo ziko nyumbani. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 kwa utafiti wa ufuaji chuma kusini magharibi mwa Tanzania, kazi iliyomfikisha kwenye mabaki ya matanuru ya Ufipa, yale marefu ya udongo yaitwayo malungu. Mhitimu wa uhandisi wa madini anaweza kuyauliza matanuru hayo maswali mengine kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kupatikana kwa heliamu katika bonde la Rukwa. Jiolojia hiyo iko jirani kwetu. Huko Kirando na Kipili, Ziwa Tanganyika linazidi kupata joto, na watafiti wamelihusisha joto hilo na kupungua kwa samaki. Profesa akisoma andiko la mtu anayelijua ziwa hilo tangu utotoni, atalisoma hadi mwisho.

Sisi tulio nje tuna kazi ya kufanya hapo. Tuyasome maandiko ya vijana hawa kwa kalamu nyekundu, tuwafanyishe mazoezi ya usaili, tuwaoneshe namna ya kumwandikia profesa barua fupi inayotaja utafiti wake. Kabla ya kijana kukubali nafasi, tumhimize aulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Na kama ni kuchanga, tuchangie ada ya maombi na mtihani wa Kiingereza, vitu vinavyodaiwa kabla ya mfadhili yeyote kujitokeza.