Sanduku Dogo la Kilo

Hapa Kilo, Ituri, nchini Kongo, mtu akifariki usiku, alfajiri nasikia hodi. Anayebisha ameshika ufito uliokatwa sawasawa na urefu wa marehemu, toka utosini mpaka kisiginoni. Nauongezea sentimita 10, nauliza mabega yake, nauliza na kazi aliyoifanya alipokuwa hai, halafu namwambia arudi matangani akae na wenzake. Alasiri sanduku litakuwa tayari.

Kazi ya marehemu naiuliza kwa sababu kifuniko hakitoki kitupu mikononi mwangu. Katekista namchongea kitabu kilichofunguliwa. Mama aliyeuza sombe sokoni namchongea kinu na mchi. Lakini wengi ni wachimbaji, kwa maana Kilo ni Kilo: Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta dhahabu kwenye vijito vya huku mwaka 1903, na tangu uchimbaji uanze mwaka 1905 mikono yetu haijatoka udongoni. Hao nawachongea karai. Vijana wa shimoni hupenda karai lenye punje tatu ndani yake. Wazee wao huzikataa punje, wakisema haifai mtu kuzikwa akijionyesha mali.

Mwenye uwezo huomba libuyu, mbao nyekundu za msituni ambazo nyingi huvuka mpaka kwenda Uganda. Asiye nacho namtengenezea kwa kalitusi, mbao zenye tabia ya kupinda zisipokaushwa vema. Mvule ni wa wachache. Mchwa hauwezi haraka, lakini vumbi lake huwasha pua na macho kutwa nzima, na fundi anayesema amelizoea simwamini.

Mwaka jana ilikuja familia bila ufito. Mama alikuwa amekumbatia kopo jeusi la plastiki lililofungwa ndani ya kitenge, na binti yake kando yake, bado amevaa koti la safari. Ndani ya kopo alikuwemo kijana wao aliyefia Brussels. Kurudisha maiti kutoka Ulaya ni maelfu ya euro, na bado kuna safari ya kufika Bunia na ile ya kutoka Bunia kuja huku. Wenzake wa huko walichanga, fedha hazikufika, maiti ikachomwa. Majivu yakasafiri na dada yake.

“Papa fundi,” mama akaniambia, “mwanangu hawezi kuzikwa ndani ya kopo.”

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na jambo hili, nieleze alivyonieleza yule dada, maana alikuwepo. Maiti huingizwa tanuruni ndani ya jeneza lake. Moto huwa kati ya digrii 800 na 1000 hivi, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili. Kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa. Kwa hiyo yale tunayoita majivu si majivu ya jikoni: ni meupe yenye kijivu, mazito, yana chenga ukiyashika. Ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo mbili mpaka tatu. Ubelgiji huweka pia kijiwe chenye namba kisichoungua, kinaingia na maiti na kutoka na majivu, ili familia isipewe mtu wa wengine. Wabelgiji wenyewe hawana muda mrefu sana na mambo haya. Sheria yao iliyoyaruhusu ni ya mwaka 1932, na tanuru lao la kwanza lilifunguliwa Uccle, Brussels, mwaka uliofuata.

Habari ilipoenea mtaani, swali la kwanza la watu wa Kilo lilikuwa lile ambalo ungelitegemea kutoka kwao: pete yake ya dhahabu iliyeyuka? Dhahabu huyeyuka kwenye digrii 1064, kila mnunuzi wa dhahabu hapa anajua, na mabishano yakaanza barazani kama moto ule ungeifikia au la. Dada akayakata: pete huvuliwa kabla, na sasa alikuwa ameivaa yeye kidoleni mwake.

Baba mdogo wa marehemu hakucheka. Moto kwetu si hadithi ya mbali. Tangu Desemba 2017 mapigano ya eneo letu la Djugu yameteketeza vijiji, na wapo majirani zangu ambao ndugu zao walikutwa ndani ya nyumba zilizoungua. Mzee alisimama mlangoni kwangu akauliza, “Huyu mtoto alikosa nini hata achomwe?” Binti akamjibu taratibu, bila kumtazama usoni: “Baba mdogo, hakuchomwa na adui. Tulikuwepo. Tuliimba mpaka mlango ukafungwa.” Mzee akakaa kwenye benchi langu la kazi, nikaacha kupiga randa.

Walikwenda kwa padri. Akawaambia Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji wa maiti mwaka 1963, na kwamba waraka wa Vatican wa mwaka 2016 umeweka masharti: majivu yasimwagwe hewani wala majini, yasigawanywe, yasikae nyumbani pasipo sababu nzito, bali yawekwe mahali patakatifu kama makaburini. Mzee akalegea kidogo. Kumbe na waliochomwa wana kaburi.

Nadhani kuna jambo jingine lililomlegeza, ingawa hakulitaja: tulikwisha kuzika bila desturi zetu. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliua watu 2,287, wengi wao wa Kivu Kaskazini, na sisi wa Ituri tulipata fungu letu. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Bunia. Maiti ilitiwa kwenye mfuko na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Kuosha hapana, kushika hapana. Familia iliruhusiwa kuleta sanduku, na kuwapa wale wazikaji shati au rozari waitie ndani. Mama mmoja aliniletea mbao akanisihi nichonge jina kubwa, lisomeke kutoka mbali aliposimamishwa. Kabla ya hapo wengi waliridhika na msalaba tu juu ya kifuniko. Sasa wanataka jina.

Basi nikarudi kwenye kopo. Majivu ya mtu mzima hujaza lita tatu hivi, lakini mfuko wake una mikunjo, na mfuko haufai kulazimishwa. Nilikata mvule wa unene wa sentimita 2, nikafanya nafasi ya ndani iwe sentimita 16 kila upande, ambayo ni lita nne na kidogo. Kona sikuzipigilia misumari. Nilizikata meno kwa msumeno mwembamba na patasi, jino la ubao huu likaingia katika pengo la ubao ule, kama vidole vya mikono inayosali. Mlango nikauweka chini, siyo juu: kitako kinafungwa kwa skrubu nne za shaba, kwa sababu za chuma hula kutu udongoni, na kwa sababu sanduku lenye kifuniko juu humfanya kila anayepita atake kulifunua.

Mmoja wa shangazi alipendekeza nilipake mawese ling'ae. Mawese hayakauki, yanabaki yakinata na baadaye yananuka. Verni nayo ni ya nini kwa kitu kinachokwenda ardhini? Nikatumia nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, nikasugua na kitambaa mpaka mistari ya mti ikajitokeza.

Ugomvi ulikuwa juu ya michongo. Kule Brussels marehemu aliendesha tramu, na dada alitaka tramu. Mimi tramu sijaiona kwa macho. Akanionyesha kwenye simu, nikaichora kwa penseli, madirisha manne na waya wake juu. Mama alitaka karai la baba wa marehemu, kwa kuwa mtoto alikulia kando ya mto akilishika. Pande zilikuwa nne, hivyo kila mmoja akapata lake, na wa tatu ukapewa jina. Wa nne niliuacha wazi. Shangazi aliniuliza mara mbili kwa nini, na mara zote mbili nilimjibu kwamba mti wenyewe ni mzuri.

Kuna nchi ambazo michongo hii ingeonekana haba. Teshie, kando ya Accra nchini Ghana, mafundi waliofuata nyayo za Seth Kane Kwei, aliyefariki mwaka 1992, hutengeneza jeneza lote kwa umbo la samaki, ndege au tunda la kakao. Na Kenya kulikuwa na mtetezi wa miti, Wangari Maathai, ambaye mwaka 2011 alipelekwa tanuru la Kariokor, Nairobi, ndani ya jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Namheshimu sana mama yule. Ila kwa fundi wa mbao ni habari ngumu kumeza.

Tatizo la mwisho hakuna aliyeliwaza mpaka jioni ya kuamkia mazishi. Sanduku na vilivyomo havikuzidi kilo sita. Nani abebe? Sanduku letu la kawaida huhitaji wanaume sita, na hao sita huchaguliwa: mkwe, rafiki, mtoto wa shangazi. Huku mtu kubebwa na mmoja kama mzigo wa soko ingekuwa aibu kwa ukoo. Usiku ule nilikata ubao wa libuyu, nikaufungia mipini minne, na sanduku likakaa katikati juu ya kitenge. Wanaume wanne wakapata pa kushika. Baba mdogo alikuwa mbele kushoto. Kaburi walilichimba kando ya lile la baba mtu, na walilichimba refu la mtu mzima. Mzee hakukubali pungufu.

Tangu hapo nimepigiwa simu na watu walio mbali wanaotaka sanduku kama lile. Ninawaambia waulize kule maiti ilikochomwa, majivu ni lita ngapi, wasinitumie picha ya kopo. Wakisafiri wabebe cheti cha uchomaji, na kopo liwe la mbao au plastiki, maana la chuma mashine ya uwanja wa ndege haioni ndani yake na wanaweza kuzuiwa. Na majina wayaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kwetu Kongo mtu ana jina, jina la nyongeza na la ubatizo, na kila upande wa familia una lake unalotaka litangulie. Wapatane kwanza huko kwao, kabla sijashika patasi.