Granaiti na Basalti: Jinsi ya Kulinganisha Miamba Miwili ya Moto

Swali la kutofautisha granaiti na basalti huwapotezea watahiniwa alama nyingi bila sababu. Wengi huandika aya nzima ya granaiti, kisha aya nzima ya basalti, na kumwachia msahihishaji kazi ya kutafuta tofauti. Usifanye hivyo. Kila hoja itaje miamba yote miwili kwa kigezo kimoja.

Yote miwili ni miamba ya moto, yaani imetokana na magma iliyopoa na kuganda. Zinaachana mahali pa kugandia. Granaiti huganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, ambako joto hupotea polepole sana, kwa maelfu hata mamilioni ya miaka. Fuwele zake hupata muda wa kukua, na ukishika kipande unaziona kwa macho: kwazi kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta. Basalti hutokana na lava iliyomwagika juu ya ardhi au kwenye sakafu ya bahari. Hupoa haraka, hivyo fuwele zake ni ndogo mno kuonekana bila lenzi. Mara nyingine ina vitundu vilivyoachwa na gesi.

Kigezo cha pili ni madini. Granaiti ina silika kama asilimia 70, basalti asilimia 45 hadi 52. Upungufu huo hufidiwa na madini yenye chuma na magnesi, ndiyo maana basalti ni nyeusi na nzito zaidi: densiti yake ni takribani gramu 3.0 kwa sentimita moja ya ujazo, ya granaiti ni takribani 2.7.

Sasa angalia mtego. Ukiandika "basalti ni nyeusi kwa sababu ilipoa haraka", umekosa. Rangi hutokana na madini. Ukubwa wa fuwele hutokana na kasi ya kupoa. Ushahidi ni mwamba uitwao gabro: madini yake yanafanana na ya basalti, lakini uliganda chini ya ardhi. Ni mweusi, na fuwele zake ni kubwa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunibishia: "Mwalimu, kama granaiti huganda chini, mbona Jiwe la Bismarck pale Mwanza liko juu, tena ndani ya ziwa?" Swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Granaiti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katika muda huo mmomonyoko uliondoa miamba iliyoifunika, kisha maji yakapenya kwenye nyufa na kuyaacha mawe makubwa yamepandana.

Udongo nao unatofautiana. Granaiti ikioza huacha kichanga kisichohifadhi maji wala rutuba, kama kwenye vilima vya Usukumani. Lava, basalti ikiwemo, huacha udongo wenye rutuba, na kahawa na migomba ya miteremko ya Kilimanjaro inaitegemea asili hiyo ya volkano.

Jipime: Umepewa mwamba mweusi, mzito, wenye vitundu vidogo. Utaje, kisha eleza kwa hoja mbili kwa nini si granaiti wala gabro. (Alama 5)