Boksi lionekane chuma: kwa wale wa maigizo ya Pasaka

Kanisani kwetu hapa Kyela vijana huwa tunaigiza mateso ya Yesu, na askari wa Kirumi lazima wavae chuma. Mara ya kwanza nilipopewa kazi hiyo nilikata maboksi, nikapaka silva kila mahali. Mtoto mmoja akaropoka: "Askari wamevaa sufuria!" Kanisa zima kicheko. Halafu mvua ya Aprili, si mnaijua ya huku, ngao zikalegea kama uji.

Kosa langu nini? Chuma kilichotumika hakina rangi moja. Angalia jembe la shamba la mpunga: makali yanang'aa kwa kusuguliwa, karibu na mpini ni weusi na kutu. Basi fanya hivi:

1. Paka gundi ya mbao pande zote mbili, kingo usisahau. Iache ikauke.

2. Paka rangi nyeusi ya mafuta pande zote, hiyo ndiyo kinga ya maji. Subiri mpaka kesho yake.

3. Chovya kipande cha godoro kwenye silva, kifute kwenye gazeti mpaka kibaki karibu kikavu, ndipo usugue kingo na palipotuna tu. Mashimoni paache peusi.

4. Kutu: changanya rangi ya kahawia na vumbi la udongo mwekundu. Gusia kwenye vifuniko vya soda ulivyobandika kama nati, kisha vuta kidogo kwenda chini. Kwenye bati la zamani kutu inaanzia msumarini, inateremka na mvua.

Silva huna? Saga risasi ya penseli, sugua juu ya nyeusi iliyokauka.

Mwaka uliofuata hakucheka mtu. Mzee mmoja alikuja kugonga ngao kwa kidole: "Kumbe boksi!"

Mwenye ujuzi zaidi amwage hapo chini.