KUTOKA KISUMU KWENDA KAMPALA KUTAZAMA MPIRA

Watu wengi wa Kisumu na wa kando ya Ziwa Victoria hupenda kwenda Kampala kila timu ya Kenya ichezapo huko. Lakini si wote waondokao nyumbani ambao hufika kiwanjani. Wengine hukwama mpakani kwa kukosa vyeti, na wengine hufika mlangoni bila tiketi, wakabaki nje wakisikiliza kelele za wenzao. Safari hii si ngumu, ila ina taratibu zake, na yafaa kila msafiri azijue mapema.

Njia ya zamani

Njia ya Kisumu na Kampala ni ya siku nyingi. Reli ilipofika ufukoni mwa Ziwa mwezi wa Desemba 1901, Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, ilikuwa bado katika nchi ya Uganda. Mwaka 1902 mpaka ulisogezwa, na mji ukawa upande ulio Kenya leo.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni. Siku zile mtu aliyetoka Nairobi kwenda Kampala alipanda gari la moshi hadi Kisumu, akavuka Ziwa kwa meli hadi Port Bell, kisha akapanda tena gari la moshi kwa mwendo mfupi hadi mjini. Reli ya nchi kavu ilifika Kampala mwaka 1931. Siku hizi watazamaji wengi huenda kwa basi, mwendo wa kilometa 300 na zaidi, na huumaliza kwa siku moja.

Kabla ya kuondoka

Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kitambulisho hicho kiwe kizima, chenye kusomeka vizuri. Ni vizuri pia kuchukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe yapasa kudungwa siku kumi au zaidi kabla ya safari. Mwenye kwenda kwa gari lake mwenyewe asisahau bima inayokubaliwa nje ya nchi. Na tiketi ya mchezo inunuliwe mapema kwa wauzaji waliotangazwa, wala si kwa mtu wa njiani.

Mpakani Busia

Basi likitoka Kisumu hupita Maseno, palipo mstari wa Ikweta, kisha Yala na Ugunja, hata kufika Busia. Zamani abiria alipigiwa muhuri upande wa Kenya, kisha akapanga foleni nyingine upande wa Uganda. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya dari moja katika upande ule msafiri anaouingia. Hata hivyo siku za mpira watu huwa wengi. Basi msafiri mwenye busara huondoka siku moja kabla ya mchezo.

Hapo Busia ndipo lilipozaliwa jina la boda-boda, kwa sababu ya waendesha baiskeli waliowachukua abiria toka mpaka huu hadi mpaka ule. Fedha nazo hubadilika: shilingi ya Uganda si sawa na ya Kenya kwa thamani, kwa hiyo mtu azibadilishe benki au katika duka lenye leseni, na ahesabu noti zake kabla hajaondoka. Saa hazibadiliki.

Kufika mjini

Baada ya Bugiri na Iganga, msafiri huvuka mto Nile huko Jinja kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018. Uwanja wa Mandela, ambao wenyeji huuita Namboole, uko kando ya barabara hiyo hiyo ya Jinja, nao huonekana kabla ya kuingia Kampala yenyewe. Anayekwenda kiwanjani moja kwa moja ashuke huko, asipelekwe mjini akalazimika kulipa nauli ya kurudi. Lugha itumikayo zaidi mjini ni Kiganda, na salamu chache za lugha hiyo humfungulia mgeni milango mingi.

Adabu kiwanjani

Jambo kubwa ni adabu. Mwezi wa Agosti 2025, nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, watu wasio na tiketi waliingia kwa nguvu katika kiwanja cha Kasarani, Nairobi. Shirikisho la Mpira la Afrika likaamuru kwamba mchezo wa Kenya na Zambia, uliochezwa tarehe 17, utazamwe na watu 27,000 tu. Hivyo maelfu ya watu wasio na hatia walikosa nafasi zao kwa makosa ya wachache.

Mgeni akifanya fujo katika nchi ya jirani, haitajwi jina lake, hutajwa nchi yake. Nchi hizo tatu zilichaguliwa mwezi wa Septemba 2023 kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Anayekwenda na vyeti vyake na tiketi yake, akashangilia bila matusi, akakubali kushindwa kama alivyokubali kushinda, huwaachia njia njema wale watakaomfuata.